Mkono Ulio Chini ya Lualaba

Mwishoni mwa Machi 1871 David Livingstone aliingia Nyangwe, soko kubwa la ukingo wa mashariki wa Lualaba, upande wa kaskazini-magharibi wa Kasongo. Alikuwa mgonjwa, meno yamemtoka, na alichokitafuta kilikuwa kimoja tu: mtumbwi. Alitaka kuyafuata maji mpaka aone yanakoishia. Wenye mitumbwi walikuwa Wagenya, na Wagenya hawakumpa. Akakaa zaidi ya miezi mitatu akingoja, akiuliza, akiandika. Katika shajara yake aliweka neno la wenyeji kwamba mto huu hauvukwi kwa miguu mahali popote wala msimu wowote, na kwamba atakayejaribu hataonekana tena. Tarehe 15 Julai watu wa Dugumbe bin Habib walifyatua risasi katikati ya soko. Wanawake waliokuja na samaki na mihogo yao wakajitupa majini, mamia wakafa. Siku chache baadaye mzee yule akageuka kurudi Ujiji, na mto aliousubiri muda wote huo akauacha mgongoni.

Wagenya walikuwa na haki ya kubana mitumbwi yao. Kila aliyevushwa na bunduki alikwenda kuteka watu na kuchukua pembe. Lakini zaidi ya mitumbwi walikuwa na kitu ambacho mgeni hakuweza kukinunua kwa shanga: walijua sakafu ya mto. Mtu aliyekulia majini husoma kina kwa pondo. Anajua linapogota mwamba, linapozama kwenye mchanga, linaposhikwa na tope, na mahali ambapo haligusi kitu. Anajua pia kwamba mchanga wa masika hii si ule wa masika iliyopita, maana mto huhamisha vitu vyake.

Historia ya Maniema, nchi ya Nyangwe na Kasongo, kwa kawaida husimuliwa kwa yale yaliyopita juu: misafara, pembe, bendera, garimoshi. Iko nyingine ambayo haijasimuliwa vya kutosha, nayo ni ya waliotaka kitu kilicho chini ya maji, na ya vyombo walivyobuni ili wakifikie. Historia hiyo huanzia kwenye pondo la Mgenya na kufika kwenye mashine zinazotambaa gizani chini ya Bahari ya Pasifiki. Lualaba imo humo mwanzo hadi mwisho.

Agosti 1874 alifika Nyangwe Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron. Naye mitumbwi aliikosa. Hata hivyo alipima urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari, akakuta Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro ya mto Naili. Maji hayapandi mlima, kwa hiyo mto huu haukuweza kuwa Naili, ulikuwa Kongo. Oktoba 1876 akaja Henry Morton Stanley, akiwa ameshuka na bonde la Luama kupitia nchi ya Kabambare hadi pale Luama inapoingia Lualaba. Huyu alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyobebwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Alifanya mapatano na Hamed bin Muhammed, ambaye dunia inamjua kama Tippu Tip, na tarehe 5 Novemba msafara ukaondoka Nyangwe. Agosti mwaka uliofuata Stanley alikuwa Boma, karibu na bahari.

Miaka hiyohiyo, Desemba 1872 hadi Mei 1876, meli ya Kiingereza iitwayo Challenger ilikuwa ikizunguka dunia na kukokota sanduku la chuma lenye wavu kwenye sakafu ya bahari. Sanduku lilifungwa kwa kamba ya katani yenye urefu wa kilometa kadhaa, na winchi ya mvuke ikalipandisha kwa saa nyingi. Chombo hicho ndicho babu wa kila mtambo wa kukomba bahari kuu. Mapema mwaka 1873 kilitoa mawe meusi ya mviringo, makubwa kama viazi. Mkemia wa meli, John Young Buchanan, aliyachunguza akakuta manganisi. Ndani yake mna pia nikeli, shaba na kobalti, lakini wakati ule hakuna aliyeona faida ya kuyatoa huko yaliko.

Buchanan huyohuyo, mwaka 1886, alikuwa ndani ya Buccaneer, meli iliyokuwa ikitandaza nyaya za simu ya maandishi katika pwani ya magharibi ya Afrika. Alipotupa kamba ya kupimia mbele ya mdomo wa mto Kongo hakukuta ufuko unaoteremka polepole. Alikuta korongo. Huanza ndani ya mdomo wenyewe wa mto. Karibu na Banana kina kinafika meta 450 hivi, kisha linaendelea kukata sakafu ya bahari kwa mamia ya kilometa. Mtu aliyeshika mawe ya kwanza ya bahari kuu ndiye aliyekuja kugundua mahali ambapo maji yaliyopita Nyangwe hutumbukia.

Korongo hilo halijatulia tangu siku hiyo. Nyaya zilizopitishwa juu yake zilikatika mara kwa mara tangu mwisho wa karne ya 19. Desemba 2019 mto Kongo ulifurika kuliko miongo mingi iliyotangulia. Januari 2020 mchanga na tope lililorundikana mdomoni likaporomoka ndani ya korongo kwa kasi iliyofika meta 8 kwa sekunde, likasafiri zaidi ya kilometa 1,100 na kukata nyaya za intaneti. Kuanzia magharibi hadi kusini mwa Afrika watu waliona simu zao zimekuwa nzito, bila kujua kwamba mto ndio uliofanya kazi hiyo.

Turudi juu, Kasongo.

Katika miaka ya 1870 Tippu Tip aliufanya mji huu makao yake, na mwanawe Sefu akautawala baada yake. Palikuwa na mashamba ya mpunga, miembe, misikiti, na Kiswahili kilichokuja na misafara kikabaki kuwa lugha ya nyumbani. Wajukuu wa mji huo wako Kasongo na Kabambare: Waislamu wa bara, wenye Kingwana chao, yaani Kiswahili cha huko, ambao wengi wao asili yao ni watu wa hapahapa walioingizwa katika maisha ya waungwana kwa nguvu au kwa hiari. Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis yaliichukua Nyangwe mwezi Machi na Kasongo tarehe 22 Aprili. Kabambare ilifuata Januari 1894.

Watawala wapya walikutana na mto uleule na tatizo lilelile. Lualaba ni njia, ila ni njia iliyokatwa vipande. Chini ya Kongolo mto unabanwa na miamba mahali Wabelgiji walipopaita Milango ya Jehanamu. Chini ya Ubundu kuna maporomoko mpaka Kisangani. Katikati yake kuna vipande virefu vya maji matulivu. Kampuni ya Edouard Empain, iliyoundwa mwaka 1902 na kufahamika kwa herufi CFL, haikujaribu kuvunja miamba. Ilijenga reli pale mto ulipokataa na kuweka meli pale ulipokubali. Kilometa 125 za reli kati ya Kisangani na Ubundu zilifunguliwa 1906. Kutoka Ubundu meli zilipanda zaidi ya kilometa 300 mpaka Kindu. Kutoka Kindu reli ya kilometa 355 ilikwenda Kongolo, na toka Kongolo mto tena mpaka Bukama, kwenye milango ya migodi ya shaba. Mzigo ulipakiwa, ukapakuliwa, ukapakiwa tena, na mabega yaliyoubeba yalikuwa ya watu wa Maniema.

Hata vile vipande vilivyoitwa vitulivu vilihitaji kazi ya chini. Huko juu, penye maziwa ya Upemba na Kisale, mafunjo yanayoelea huziba njia. Kwingineko mchanga unajenga fungu leo mahali ambapo jana meli ilipita. Kiangazi kikiingia, nahodha hasomi ramani. Anamtazama kijana aliyesimama puani mwa chombo na mti wa kupimia mkononi, akitaja kina kwa sauti. Lile ni pondo la Mgenya, limepakwa rangi na kuchorwa alama. Kazi ya kuweka maboya na kukomba mchanga katika mito ya ndani baadaye ilikabidhiwa shirika la Régie des Voies Fluviales. Mdomo wa mto, kati ya Matadi na Banana, ulipewa shirika lake lenyewe, kwa sababu kule chini ya Boma mchanga huhama bila kukoma na meli za bahari hazingoji.

Wakati meli zikihangaika na mchanga, kulikuwa na watu walioanza kuutaka mchanga wenyewe. Kutokana na haki za ardhi za CFL ilizaliwa mwaka 1923 kampuni ya madini, Minière des Grands Lacs. Namoya, katika nchi ya Kabambare, ilianza kuchimbwa dhahabu mwaka 1931, na kazi hiyo ikaendelea mpaka 1961. Kalima, upande wa Pangi, ilitoa bati. Baada ya kampuni kubwa kuondoka au kudhoofika, wenyeji waliendelea wenyewe kwa sururu, koleo na karai. Mwaka 2016 kampuni ya Banro ya Kanada ilitangaza uzalishaji wa kibiashara Namoya. Mwaka 2019 kazi ilisimama kwa sababu ya usalama. Wachimbaji wadogo hawakusimama.

Dhahabu ni nzito, mara 19 ya maji ya ujazo uleule. Mvua inapoilegeza kutoka mlimani, mto unaibeba kwa shida na kuiachilia mapema. Inapenya kwenye mchanga, inapita kwenye kokoto, inakwenda kulala juu ya mwamba, kwenye nyufa na vishimo. Kwa hiyo anayeitaka dhahabu ya mto hawezi kuridhika na mchanga wa juu. Lazima afike sakafuni kabisa.

Hapo ndipo inapoingia draga. Neno ni la Kifaransa, lakini chombo kinachoitwa hivyo mashariki mwa Kongo kimebuniwa na mafundi wa hukohuko. Ni chelezo cha mbao, au mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, kimewekewa injini ya dizeli, pampu, na mpira mnene unaoshuka majini. Kokoto zinazofyonzwa zinamwagwa juu ya mteremko wa mbao uliotandikwa zulia. Maji na mchanga vinapita, dhahabu nzito inanasa kwenye nyuzi za zulia. Jioni zulia linakung'utwa na kuoshwa kwenye karai. Kila sehemu ya mashine hiyo ilitengenezwa kwa kazi nyingine: injini ya kinu, mpira wa umwagiliaji, zulia la sebuleni. Fundi aliyeziunganisha hakuwa na mchoro. Alikuwa na jicho, nyundo na haja.

Miaka ya 2013 hadi 2015 draga za namna hii zilijaa mto Ulindi huko Shabunda, mto ambao baadaye unaingia Maniema na kumwaga maji yake Lualaba. Shirika la Global Witness lilieleza habari hizo katika ripoti ya mwaka 2016: draga za kienyeji na mitambo mikubwa zaidi ya kampuni ya kigeni zikifanya kazi mto mmoja, wapiganaji wa Raia Mutomboki wakitoza kodi kwa wenye draga, na dhahabu nyingi ikitoka bila serikali kuona sehemu yake. Mji wa Shabunda, uliokuwa umelala miaka mingi, ulipata pesa ghafla. Pesa hizo hazikujenga barabara.

Lakini tukiitazama draga kama kazi ya ubunifu, kuna jambo moja linalopaswa kuangaliwa kwa makini. Mpira wa kufyonzea hauna macho. Ukiachwa peke yake utafyonza maji, au utafyonza mchanga mtupu wa juu, au utakwama kwenye jiwe. Ni lazima kitu kiushike kule chini, kiuelekeze kwenye nyufa, kisogeze mawe makubwa pembeni. Katika draga ya Ulindi, kitu hicho ni mtu.

Anashuka na uzito kiunoni ili maji yasimwinue. Mdomoni ana mpira mwembamba unaomletea hewa kutoka kwenye kompresa iliyo juu ya chelezo, aina ileile ya kompresa inayojaza upepo matairi ya malori. Maji ya mto yamejaa tope. Akishuka kidogo tu haoni hata mkono wake. Anafanya kazi kwa kupapasa. Vidole vinamwambia kama yuko kwenye mchanga, kokoto au mwamba, kama pondo lilivyomwambia Mgenya. Kadiri anavyofyonza, ndivyo anavyochimba shimo analosimama ndani yake, na kuta za shimo hilo ni changarawe isiyoshikana. Injini ikizimika, hewa inakatika. Moshi wa dizeli ukivutwa na kompresa, unamfika mapafuni. Akipanda haraka baada ya kukaa kina kirefu, viungo vinamuuma, na huenda mguu usirudi kuwa mguu. Wapo wasiopanda.

Tatizo hilohilo, la mkono wa chini, liliwashughulisha wahandisi wa Ulaya kwa zaidi ya karne na nusu. Walipochimba mfereji wa Suez, uliofunguliwa Novemba 1869, kampuni ya Borel na Lavalley ilitengeneza mitambo ya mvuke yenye mnyororo wa ndoo: ndoo moja inashuka tupu, nyingine inapanda na tope, bila kukoma. Kabla ya mitambo hiyo, wakulima wa Misri walikuwa wakilazimishwa kuchimba kwa koleo na vikapu. Ndoo zilifaa maji mafupi. Penye kina kirefu mnyororo unakuwa mrefu na mzito mno, na mawimbi ya bahari yanaurusha huku na huko.

Ndipo wakageukia kufyonza. Hapa kuna kanuni ambayo fundi wa Ulindi na fundi wa Rotterdam wote wanaitii. Ukizamisha bomba majini, maji ya nje yenyewe yanayasukuma ya ndani mpaka usawa wa juu wa mto. Kinachobaki kwa pampu ni kubeba uzito wa ziada wa mchanga na kushinda msuguano. Sasa, pampu iliyo juu ya maji haiwezi kufyonza kwa nguvu kuliko uzito wa hewa inayotuzunguka, na uzito huo ni sawa na safu ya maji ya meta 10 tu. Kina kikiongezeka, mchanga ulio ndani ya bomba unakuwa mwingi na mzito. Ukipita meta ishirini na kitu, pampu inashindwa kuubeba. Inaanza kuvuta maji matupu. Kuongeza ukubwa wa injini hakusaidii chochote, kwa sababu kinachokosekana ni hewa ya kusukuma.

Dawa ilikuwa kuishusha pampu yenyewe, kuifunga kwenye bomba chini ya maji ili isukume badala ya kufyonza. Lilikuwa wazo jepesi kulisema na gumu kulitenda: mota isiyopenyeza maji, bomba linaloweza kujikunja meli inapoyumba, mashine za kupandisha na kushusha bomba wimbi linapopita ili kichwa chake kisiachane na sakafu. Kichwa hicho kina meno ya kukwaruza na mipulizo ya maji ya kulegeza mchanga. Sauti zinazotumwa chini na kurudi zinamchorea nahodha sura ya sakafu asiyoiona. Mwaka 2009 kampuni ya Jan De Nul, ya Ubelgiji, ilipata meli iitwayo Cristóbal Colón. Tumbo lake linabeba meta za ujazo 46,000 za mchanga, na mkono wake unafika kina cha meta 155. Hakuna mtu anayeshuka.

Meli za ukoo huo zimekwisha kufika pwani ya Waswahili. Zimeongeza kina Kilindini, zimechimba Dar es Salaam, na huko Lamu zilikata njia ya meli yenye kina cha meta 17.5 kwa ajili ya bandari mpya. Matope yaliyotibuliwa Lamu yaliharibu mahali wavuvi walipokuwa wakipata samaki na kamba. Wavuvi walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mwandishi yeyote wa habari za kukomba bahari angefaa kuanza na hukumu ile kabla hajasifu ukubwa wa meli, maana inaonyesha kwamba hata mashine isiyoshusha mtu inaweza kumfikia mtu aliye mbali nayo.

Baada ya meta 155 bahari haijaisha. Yale mawe ya Buchanan yako meta 4,000 hadi 6,000 chini, mengi yakiwa kati ya Hawaii na Mexico. Huko hakuna meno wala bomba la kawaida linalofika. Kwa miaka mia moja mawe yale yalikuwa pambo la majumba ya makumbusho. Kilichoyarudisha mezani mwa wahandisi kilikuwa bei ya madini, na bei hiyo ilihusika sana na Kongo.

Mwaka 1974 meli ya Marekani, Glomar Explorer, ilionekana Pasifiki na ikasemekana tajiri Howard Hughes anakwenda kuvuna manganisi. Ukweli ni kwamba ilikuwa imetumwa na shirika la ujasusi kunyanyua nyambizi ya Kisovyeti iliyozama. Uongo ule uliaminika kiasi kwamba kampuni nyingine zilizidi kuamini kuwa biashara ipo. Nyakati hizo Mjapani Yoshio Masuda alikuwa amejaribu kamba moja ndefu yenye ndoo nyingi, inayozunguka kutoka meli hadi sakafuni na kurudi: Suez tena, mara hii kwa kilometa kadhaa. Mwaka 1978 kundi la kampuni lililojulikana kwa herufi OMI lilipandisha yapata tani 800 za mawe kutoka kina cha meta 5,000 hivi. Mei ya mwaka huohuo waasi waliivamia Kolwezi, katika nchi inakoanzia Lualaba. Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ndiyo iliyokuwa ikitoa sehemu kubwa ya kobalti ya dunia. Bei ikapanda mara kadhaa kwa muda mfupi, na viwanda vya Ulaya, Marekani na Japani vikashtuka. Hofu ya kutegemea Kongo ikawa hoja ya kuitafuta kobalti baharini, na hoja hiyo haijafa mpaka leo.

Bei iliposhuka, mitambo iliwekwa kando. Ikaamka tena karne hii, kwa ajili ya betri za magari. Aprili 2021 kampuni ya GSR, mtoto wa DEME ya Ubelgiji, iliteremsha Patania II, gari la minyororo lenye tani 25, hadi kina cha meta 4,500. Katikati ya majaribio likachomoka kwenye waya wake na kubaki peke yake gizani. Siku chache baadaye wakalinasa na kulipandisha. Mwaka 2022 meli Hidden Gem ya kampuni ya Allseas ilikusanya mawe na kupandisha zaidi ya tani 3,000 kwa bomba lenye urefu wa kilometa 4.3.

Namna ilivyoyapandisha ndiyo inayoturudisha Ulindi. Ndani ya bomba lile refu hupulizwa hewa iliyokandamizwa. Mapovu yanayafanya maji ya ndani kuwa mepesi kuliko ya nje, maji mazito ya nje yanasukuma, na mawe yanapanda pamoja na mapovu. Mashine inayofanya kazi hiyo ni kompresa. Katika Pasifiki kompresa inapuliza hewa ndani ya chuma. Katika mito ya Kongo inapuliza hewa ndani ya kijana.

Haitoshi kusema kwamba tofauti ni fedha. Mafundi wa draga wameonyesha uwezo: wamejenga mashine inayofanya kazi kutokana na vitu ambavyo wengine wangevitupa. Wangeweza pia kutengeneza ngazi ya chuma ya kuushikilia mpira, na kamba za kuuelekeza kutoka juu. Draga za namna hiyo zipo duniani tangu karne ya 19. Lakini ngazi inagharimu chuma, na chuma kinaonekana mbali wenye silaha wanapopita, na mwenye draga ambaye hajui kama wiki ijayo mto utakuwa wake hawekezi katika kitu asichoweza kukimbia nacho. Kijana mpiga mbizi anapatikana, anajua kuogelea, na hulipwa kwa sehemu ya kile kilichonaswa na zulia. Ubunifu huo ulifuata hesabu ya usalama na haki ya ardhi kuliko hesabu ya maji.

Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje, kisha Oktoba ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Kati ya miezi hiyo, mwishoni mwa Aprili, Marekani ilitoa amri ya kuharakisha uchimbaji wa bahari kuu, na kampuni moja ikawasilisha ombi la kuchimba mawe ya Pasifiki kibiashara. Kwenye Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari huko Kingston, Jamaika, mataifa bado yanabishana juu ya kanuni za kazi hiyo.

Na juu ya chelezo cha mbao, mwenzake mpiga mbizi amekaa karibu na kompresa. Kazi yake ni moja: kuusikiliza mlio wa injini na kuushika ule mpira mwembamba wa hewa kati ya vidole. Ukivutwa kutoka chini kwa namna waliyopatana, anaelewa. Usipovutwa kwa muda mrefu, anaanza kuuvuta yeye.